Je, baba yetu alifanyiwa majaribio alipokuwa mahututi?

Swali

Shikamoo Mwalimu. Naandika kutoka Makambako. Juni iliyopita baba yetu, mkulima wa viazi mwenye umri wa miaka 61, alilazwa kwa nimonia kali katika wodi ya wagonjwa mahututi ya hospitali moja ya rufaa, akawa kwenye mashine ya kupumulia kwa siku tisa. Tuliyoyaona yalitutisha. Karibu kila asubuhi wauguzi walizima dawa ya usingizi, naye akawa anahangaika na kutokwa machozi. Siku ya pili walimlaza kifudifudi tangu jioni hadi kesho yake. Walimpiga mswaki ilhali hajitambui. Midomo yake ilikauka, lakini tulipoomba aongezewe dripu tulikataliwa. Sasa yuko nyumbani, anatembea kwa mkongojo, ila kaka zangu wanashikilia kwamba mzee alifanyiwa majaribio. Je, mambo haya yamefanyiwa utafiti, au kila zamu ilikuwa inajiamulia?

Jibu

Marahaba, mwanangu, na poleni sana kwa kuuguza. Nimefundisha uuguzi hapa Mbeya kwa miaka mingi, na kabla ya hapo nilishika zamu za usiku kwa wagonjwa wa aina ya mzee wako, kwa hiyo hayo mliyoyatazama mkiwa mmesimama mlangoni nayafahamu, na hofu yenu naielewa.

Nianze na neno linalowasumbua kaka zako. Kumwingiza mgonjwa katika utafiti hapa nchini kuna utaratibu wake. Mpango wa utafiti hupitiwa kwanza na kamati za maadili, ikiwamo ile ya kitaifa iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ambayo ina kituo chake hapa Mbeya. Kisha mgonjwa mwenyewe, au ndugu yake ikiwa hajitambui, huelezwa kwa lugha anayoielewa na kutia saini fomu ya ridhaa, akiwa na haki ya kukataa bila kunyimwa matibabu. Kama hakuna aliyewaita kando na kuwaeleza jambo la namna hiyo, basi mliyoyaona yalikuwa matunzo ya kawaida ya mgonjwa mahututi. Majaribio yalikwisha kufanyika kwa watu wengine, miaka mingi iliyopita, na baba yenu alitunzwa kwa yale yaliyojulikana kutokana nayo. Kosa ninaloliona mimi ni kwamba hakuna aliyekaa nanyi dakika kumi akawaeleza, na kwa hilo mna haki ya kulalamika.

Tuanze na kuamshwa, kwa sababu najua ndiko kulikowaliza. Zamani sisi wenyewe tuliamini kwamba mgonjwa aliye kwenye mashine anapaswa kulala fofofo mwanzo hadi mwisho, asijue lolote, na muuguzi aliyemwacha mgonjwa wake akafumbua macho alionekana mzembe. Mwaka 2000 madaktari wa Chicago, wakiongozwa na J. P. Kress, walichapisha utafiti wa wagonjwa 128 waliogawanywa kwa kura katika makundi mawili. Kundi la kwanza lilisimamishiwa dawa ya usingizi kila siku mpaka mgonjwa aamke, na kundi la pili liliachwa liendelee kama ilivyozoeleka. Waliokuwa wakiamshwa walikaa kwenye mashine takriban siku 4.9, na wenzao siku 7.3, wodini walikaa siku 6.4 dhidi ya 9.9. Mwaka 2008 utafiti mwingine wa Marekani, wenye wagonjwa 336, uliunganisha kuamshwa huko na jaribio la kila siku la kumwacha mgonjwa apumue mwenyewe, ukaonyesha kwamba waliotunzwa hivyo walifariki kwa uchache zaidi katika mwaka uliofuata.

Sababu zake si ngumu kuzielewa. Dawa hizi hujirundika mwilini, hasa pale ambapo ini na figo vimechoka, na mgonjwa anaweza kuendelea kulala siku mbili baada ya kuhitaji kuamka. Misuli ya kupumulia isiyotumika hulegea haraka kuliko watu wanavyodhani, na akili iliyozamishwa kwa muda mrefu huamka imechanganyikiwa. Kwa hiyo asubuhi muuguzi huzima dawa, lakini haondoki. Husimama pale kitandani, humwita mgonjwa kwa jina, humwambia afumbue macho, amfuate kwa macho, aubane mkono wake. Huku akimwita, jicho lake jingine liko kifuani na kwenye skrini. Ikiwa pumzi zimepita 35 kwa dakika, au oksijeni inashuka, au mgonjwa anataka kuung'oa mpira uliomo kooni, dawa hurudishwa, na kwa kawaida huanzia nusu ya kipimo cha awali.

Sitakudanganya kuhusu machozi. Yanaweza kutokana na jicho lililokauka kwa kukaa nusu wazi, na yanaweza pia kutokana na maumivu. Mgonjwa mwenye mpira kooni hawezi kusema kwamba anaumwa, ndiyo maana tunawafundisha wanafunzi kusoma paji la uso lililokunjamana, ngumi iliyofumbwa, na kifua kinachoshindana na mashine, kisha watoe dawa ya maumivu bila kungoja kuombwa. Kumpunguzia mgonjwa usingizi hakumaanishi kumnyima dawa ya maumivu, na mkiuguza tena, swali la kumuuliza muuguzi ni hilo: je, amepewa dawa ya maumivu? Tena si kila mgonjwa huamshwa. Mwenye degedege lisilotulia, au aliyevimba ubongo kwa kuumia kichwa, kama vijana wa bodaboda tunaowapokea kila wiki kutoka barabara kuu ya Tunduma, huachwa alale mpaka hatari ipite. Na wakati baba alipokuwa kifudifudi nina hakika walimwacha alale.

Hiyo ya kulazwa kifudifudi nitaipitia kwa kifupi. Mapafu yana sehemu kubwa upande wa mgongoni, na mtu mwenye nimonia kali akilala chali siku nyingi, sehemu hiyo hukandamizwa na kujaa majimaji huku damu ikiendelea kupita hapo bila kuchukua oksijeni. Akigeuzwa, sehemu hiyo hufunguka. Utafiti ulioongozwa na Claude Guérin wa Ufaransa, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuwa na wagonjwa 466 wenye upungufu mkubwa wa oksijeni. Waliolazwa kifudifudi kwa angalau saa 16 mfululizo walifariki 16 kati ya kila 100 ndani ya siku 28, ilhali waliobaki chali walifariki karibu 33. Katika tiba ya wagonjwa mahututi ni nadra kuona tofauti kubwa hivyo, tena haikuletwa na dawa mpya, bali na watu watano walioshika shuka na mmoja aliyesimama kichwani kuulinda mpira usichomoke.

Baada ya hapo mliona wakimgeuza ubavu huu na ule, usiku na mchana. Hukuuliza juu ya hilo, lakini niruhusu nilieleze, maana ndiyo kazi inayodharauliwa kuliko zote. Damu haipiti vizuri kwenye ngozi iliyobanwa kati ya mfupa na godoro, na mtu mzima mwenye nguvu hujigeuza mwenyewe usingizini bila kujua, mahututi hawezi. Muuguzi anapomgeuza hukagua kisogo, ncha za masikio, mabega, kitako, na visigino. Vitabu vingi tulivyosomea vilisema tafuta wekundu, ubonyeze kwa kidole, uone kama unapotea. Maelezo hayo yaliandikwa na watu waliozoea ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani vizuri, na muuguzi anayeungoja atashtukia ngozi imekwisha kuchubuka. Mimi huwafundisha wanafunzi kuvua glavu, baada ya kunawa na pale ambapo hakuna damu wala uchafu, na kupitisha mgongo wa vidole juu ya kisigino na kitako, wakilinganisha upande mmoja na mwingine: je, hapa pana joto kuliko pale, pamekuwa pagumu kama ganda, au panabonyea kama unga uliolowa, au pamekuwa peusi kuliko ngozi ya jirani? Hapo kidonda kimeanza, na huo ndio wakati wa kukizuia. Kama baba alirudi Makambako bila kidonda mgongoni baada ya siku tisa kwenye mashine, basi kuna watu walifanya kazi hiyo saa nane za usiku katika baridi ya Juni wakati ninyi mmelala.

Kuhusu mswaki, mpira unaopita mdomoni hadi kwenye njia ya hewa huacha upenyo ambamo mate yenye vijidudu huchuruzika kuelekea mapafuni, na kwa njia hiyo mgonjwa aliyekuja na nimonia moja anaweza kupata ya pili akiwa hospitalini. Kwa miaka mingi tulisafisha vinywa kwa dawa iitwayo klorheksidini, tukiamini tumemaliza. Baadaye, mwaka 2014, uchambuzi wa tafiti nyingi kwa pamoja ulizua wasiwasi kwamba kwa baadhi ya wagonjwa huenda dawa hiyo inaongeza vifo, na mwongozo wa Marekani wa mwaka 2022 ukaacha kuipendekeza kwa kazi hiyo, ukabaki na mswaki. Uchambuzi mwingine, uliotoka mwishoni mwa mwaka 2023 ukijumlisha tafiti 15, ulionyesha kwamba waliopigwa mswaki walipata nimonia ya hospitalini kwa uchache, hasa walio kwenye mashine, na vifo vya wodi ya mahututi vilipungua. Mswaki laini wa mtoto, maji kidogo, mpira wa kunyonyea mate upande wa pili, na kichwa cha kitanda kimeinuliwa. Hata huko kuinua kitanda kuna historia yake: mwaka 1999 huko Barcelona, kati ya wagonjwa 86, waliolala wameinuliwa walidhaniwa kupata nimonia 8 kwa 100, na waliolala bapa 34 kwa 100. Utafiti ule ni mdogo, lakini kuinua kitanda hakugharimu chochote, nasi tumeushika.

Sasa dripu. Hapa nitakawia, kwa sababu jambo hili linatuhusu sisi Waafrika kuliko jingine lolote, na kwa sababu mimi mwenyewe nimekuwa upande wenye makosa. Nikiwa muuguzi kijana katika hospitali moja ya wilaya, mtoto akiletwa na homa kali, mikono na miguu baridi, mapigo dhaifu, tulimwekea kanula, yaani kimpira cha mshipani, na kummiminia maji haraka haraka. Ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo vitabu kutoka ng'ambo vilivyosema. Wengine walipona, wengine hawakupona, na kwa wale wasiopona tulijiambia kwamba waliletwa wamechelewa.

Kisha ukaja utafiti ulioongozwa na Kathryn Maitland katika Kenya, Uganda na Tanzania, kwetu ikiwa Hospitali ya Teule, Muheza. Walioingizwa ni watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri, na matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Kati ya waliomiminiwa maji haraka, vifo ndani ya saa 48 vilikuwa takriban 10.5 kwa 100, yawe maji ya chumvi au ya albumini, ambayo ni protini ya damu. Kati ya wasiomiminiwa, waliopata maji ya kawaida ya polepole, dawa, na damu ilipohitajika, vifo vilikuwa 7.3. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake. Nakumbuka siku niliposoma taarifa ile. Niliweka karatasi mezani na sikuweza kuendelea na kazi kwa muda, nikihesabu nyuso. Na pale ambapo watu wengi wangetarajia kwamba watoto hao walizidiwa na maji mapafuni, uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba wengi walikufa kwa moyo na mishipa kushindwa kuendesha damu.

Wapo waliosema kwamba hayo ni ya watoto tu. Mwaka 2017 yakachapishwa matokeo ya utafiti wa Lusaka, kwa jirani zetu wa ng'ambo ya Tunduma, kwa watu wazima 209 wenye maambukizi makali na presha iliyoshuka, wengi wao wakiishi na virusi vya UKIMWI. Waliopewa maji mengi mapema kwa utaratibu maalumu, pamoja na dawa ya kupandisha presha na damu, walifariki 48 kwa 100. Waliopata matunzo ya kawaida ya hospitali ile walifariki 33 kwa 100.

Usilichukue hili ukadhani kwamba dripu ni mbaya. Mtu aliyeharisha mpaka macho yakadidimia, aliyeungua, au aliyevuja damu anahitaji kurudishiwa alichopoteza, na kuchelewa kunaua. Watoto wenye kuharisha sana hawakuhusishwa kabisa katika utafiti ule wa mwaka 2011. Lakini baba yenu alikuwa na mapafu yaliyovimba na kuvujisha majimaji, na kila lita isiyohitajika ingeishia humohumo. Midomo yake ilikauka kwa sababu mdomo ulikuwa wazi saa zote na hewa ya mashine ikipita. Dawa yake ilikuwa kitambaa chenye maji na mafuta ya midomo, na hilo mngeweza kulifanya ninyi wenyewe kama mngeonyeshwa namna.

Umeuliza pia kama kila zamu ilikuwa inajiamulia. Katika wodi nzuri hairuhusiwi. Kuna utafiti uliofanyika Hospitali ya Taifa Muhimbili, ukachapishwa mwaka 2015, ambao nauheshimu sana kwa sababu haukuhitaji mashine mpya. Wodi ya mahututi iliwekewa utaratibu rahisi: pumzi, oksijeni, mapigo, presha na fahamu vikipita mpaka fulani, muuguzi achukue hatua iliyoandikwa na amwite daktari, asiishie kujaza karatasi. Vifo kwa ujumla havikushuka kwa kiasi cha kuaminika, lakini kwa wale waliofika presha ikiwa imeshuka sana, vilitoka 92 kwa 100 hadi 69. Bado ni vifo vingi mno. Hata hivyo, tofauti hiyo ilipatikana kwa muuguzi kusoma namba na kuruhusiwa kutenda.

Kusoma namba kwenyewe kuna ujuzi wake, hasa huku kwetu. Mwezi Juni na Julai, Makete, Njombe, hata hapa Mbeya, kile kipimo kinachobanwa kidoleni huonyesha oksijeni ya chini, au hakisomi kabisa, kwa sababu vidole vimekuwa baridi na damu imejikusanya ndani. Nimewaona wauguzi wapya wakikimbilia mtungi wa oksijeni, na nimewaona wengine wakisema kifaa kibovu na kuondoka. Hawa wa pili ndio wanaonitisha zaidi. Mkono hufunikwa, hupashwa joto kwa viganja, kidole hubadilishwa, na huku ukingoja unahesabu pumzi kwa dakika nzima ukitazama kifua. Mwenye pumzi 36 ni mgonjwa sana, kifaa kisome kisisome.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu wagonjwa mahututi wengi hawafiki kwenye wodi aliyolazwa baba yako. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025, uliohesabu karibu wagonjwa 20,000 katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika, uliona kwamba mmoja kati ya wanane alikuwa mahututi, na karibu saba kati ya kumi wa hao walikuwa katika wodi za kawaida. Mmoja kati ya watano alifariki ndani ya wiki moja. Zaidi ya nusu walikosa mambo ya msingi kabisa waliyoyahitaji, kama vile oksijeni, kulazwa kwa mkao unaolinda njia ya hewa, au dripu kwa aliyestahili dripu. Mambo hayo yanaweza kufanyika katika hospitali yoyote ya wilaya, pakiwa na wauguzi wa kutosha, na hapo ndipo ninapotamani fedha zetu ziende kabla ya kununua mashine nyingine.

Jambo la mwisho linamhusu mzee sasa hivi. Udhaifu wa miguu alionao ni wa kawaida baada ya siku tisa kwenye mashine, na unaweza kuchukua miezi. Atembee kila siku kwa kipimo kinachopanda kidogo kidogo, leo hadi kwenye banda la ng'ombe, wiki ijayo hadi barabarani, mtu akiwa karibu naye. Ale mayai, maharage na maziwa. Akipata ndoto za kutisha, au akisimulia kwamba aliona watu waliotaka kumfunga kamba, msimcheke wala msimpeleke kuombewa pepo kabla ya kumweleza ukweli, maana mikono yake huenda ilifungwa kweli ili asichomoe mpira.

Katika baadhi ya nchi za Ulaya wauguzi na ndugu huandika daftari la kila siku kwa ajili ya mgonjwa aliyelala. Utafiti wa mwaka 2010 kwa wagonjwa 352 ulionyesha kwamba waliopewa daftari hilo walipata msongo mkali wa kumbukumbu za kutisha 5 kwa 100, na wasiopewa 13. Utafiti mwingine wa Ufaransa wa mwaka 2019, wenye wagonjwa 657, haukuona tofauti. Kwa hiyo siwezi kuliita daftari hilo dawa. Lakini wewe ulikuwepo, na yeye kuna siku tisa asizozijua. Chukua daftari la shule, uandike tarehe ya kwanza, nani alimpeleka, siku aliyogeuzwa, asubuhi aliyokubana mkono, na siku mpira ulipotolewa na neno la kwanza alilosema. Msomee polepole, ukiacha pale anapokuambia uache, na kaka zako wakae nanyi wasikilize.